Ahadi Aliyopewa Baudouin

Baudouin aling'oa muhogo wa shamba lao lote asubuhi moja ya Februari, mvua ikiwa imeanza kupungua. Noëlla, mkewe, alikuwa amekwenda kuteka maji pamoja na binti yao mkubwa, Princesse. Waliporudi walikuta mashina yamelazwa kwenye tope, mizizi yake bado myembamba kama vidole vya mtoto, na Baudouin amepiga magoti katikati akichimbua udongo kwa mikono. Hakupiga kelele. Alimweleza mkewe kwa sauti yake ya darasani kwamba watu waliowafukuza Pweto wamefika mpaka Mantapala, wamezika sumu chini ya kila shina, na yeye ameamua kuitoa kabla watoto hawajaila.

Majirani walikuja wakasimama pembeni mwa shamba. Siku ile hakuna aliyecheka. Wote walioishi katika makazi yale ya wakimbizi, upande wa Zambia, walitoka upande uleule wa Kongo, na waliwajua watu ambao, wakitaka, wangeweza kumfuata mtu hata ng'ambo ya mpaka. Jirani mmoja alichukua jembe, akamsaidia kuchimba mashimo kadhaa kabla ya kuelewa kwamba hakuna kitu. Kucheka kulikuja baadaye, Baudouin alipoanza kumwaga chakula.

Alimwaga bukari, ugali wao, ikiwa bado ya moto. Alimwaga maharage, alimwaga mafuta waliyogawiwa. Noëlla alipomwuliza watakula nini, alijibu, "Tutakula ile tunajua inatoka wapi." Lakini hakukuwa na kitu alichokijua kinatoka wapi. Yeye mwenyewe alikonda mpaka koti lake la ualimu likawa linaning'inia kama limetundikwa. Noëlla akaanza kuwapeleka watoto kula kwa majirani kwa kificho, akijidai anawatuma kuomba moto au chumvi. Majirani walitoa, mwanzoni kwa moyo, halafu kwa kuuliza kama bwana yake hajapona tu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Noëlla hakumwambia mtu. Chris, mtoto wao wa mwisho, ambaye hata meno ya mbele hayajaanza kung'oka, alirudi siku moja kutoka kwa jirani na mafuta ya samaki mdomoni. Baudouin aliyaona. Alimketisha mtoto magotini, akachovya kidole kwenye majivu na kumsugua ulimi na ufizi, taratibu, huku anambembeleza kwa jina, mpaka mtoto akatapika kila alichokula. Kisha alimkumbatia na kulia. Noëlla alisimama mlangoni akaona yote. Hakujua amwogope mume wake au amhurumie, na kwa kuwa hakujua, alinyamaza.

&nbsp;

Alimpeleka hospitali kwa uongo. Alimwambia wanakwenda Nchelenge, ufukweni, kuzungumza na wenye mitumbwi kuhusu njia ya kurudi kwao. Baudouin alifurahi. Alinawa, akavaa koti, akampigia Princesse viatu rangi. Walipanda nyuma ya lori lililokuwa linapeleka magunia ya mkaa mjini, Noëlla amempakata Chris, na njia nzima Baudouin alieleza jinsi atakavyopaka chokaa upya ukuta wa shule yao ya Pweto. Alizungumza vizuri kiasi kwamba dereva, alipowashusha, alimwita mwalimu na kumpa mkono.

Alipouona uzio wa hospitali alisimama. Hakukimbia wala hakugomba. Alimtazama mkewe muda mrefu, kisha akasema, "Ungeniambia tu." Akaingia getini mbele yake. Mlinzi, kijana wa Nchelenge aliyeitwa Lackson, alimwuliza Noëlla kwa Kibemba kama huyu ndiye *ishilu*, yaani mwendawazimu, ambaye habari zake zilitolewa kwa simu kutoka Mantapala, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza gunia liwekwe wapi. Noëlla alijifanya hajui Kibemba. Baudouin alikijua.

Daktari waliyempata alikuwa mwanamke, na bado alikuwa mwanafunzi. Jina lake Mwaba Katongo. Alikuwa daktari tayari, lakini alikuwa anasomea ubingwa wa magonjwa ya akili, na mafunzo yake yalimleta Nchelenge kwa miezi michache, akifanya kazi na mwuguzi mmoja, Webby, na kumpigia simu mkubwa wake aliyekuwa Lusaka. Alizaliwa Kashikishi, hapohapo ziwani. Mama yake alikuwa akiwauzia Wakongomani samaki wakavu, na Kiswahili cha Mwaba kilitoka kwenye meza ya mama yake: kilijua kuhesabu, kupunguza bei na kukataa samaki mbovu.

Kabla ya kuanza ubingwa alikuwa amekaa ofisini Lusaka miaka kadhaa, akisaidia kuandika sera za afya. Alisomea maadili ya tiba na haki za binadamu. Alikuwa amezunguka mikoani akiwahoji wagonjwa waliofungwa kwenye magogo nyuma ya nyumba za maombi, akawaona walioshikwa na kuchomwa sindano na watu wasiowauliza hata majina, na aliporudi ofisini aliandika sentensi moja aliyoipigania mpaka ikabaki: kwamba mgonjwa asishikwe kwa nguvu kabla maneno hayajaisha. Aliacha ofisi kwa sababu alichoka kuandika kuhusu watu ambao hakuwahi kukaa nao zaidi ya nusu saa.

Kwa hiyo alikaa na Baudouin. Hakumwingiza kwenye chumba cha sindano. Alimtoa nje, kwenye benchi lililotazama maji ya Ziwa Mweru, akamwomba Noëlla asubiri mbali kidogo na watoto, na akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni ni nini kinamsumbua.

"Mi siko mugonjwa," Baudouin alisema. "Niko na woga."

Akamweleza. Alieleza sumu, na watu waliokuwa wanamfuata, na jinsi alivyowajua kwa mwendo wao. Kisha, bila kubadilisha sauti, alieleza jambo lingine ambalo halikuwa ugonjwa. Siku walipovamiwa Pweto, watu wenye silaha walimkuta shuleni. Wanne walimlaza kwenye sakafu ya darasa lake, kila mmoja akashika mkono au mguu, na wa tano alifanya alichotaka kufanya mbele ya wanafunzi waliokuwa bado hawajapata nafasi ya kukimbia. Baudouin hakukitaja kitendo chenyewe. Alisema tu kwamba tangu siku ile hata kinyozi akimshika kichwa, anasikia sakafu mgongoni.

Mwaba alitafuta neno la kumpa na hakulipata katika Kiswahili alichokuwa nacho. Mwishowe alimwuliza kama atakubali kumeza vidonge. *Unakubali?* Lilikuwa neno lilelile la mama yake, la kufunga bei.

"Hapana, dokta. Leo sikubali. Nitarudia juma ijayo, tutasema tena." Baudouin alivuta pumzi. "Kitu moja tu ninakuomba. Batu basinishike."

"Hawatakushika," Mwaba alisema.

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Aliyasema hayo kwa moyo wote. Mtu mwingine yeyote katika hospitali ile, akiulizwa, angemwambia kwamba daktari haahidi.

Webby alipomkuta korido alimshauri wamchome Baudouin sindano leo, maadamu ameletwa na ametulia. Akirudi kambini hawatamwona tena mpaka mambo yameharibika. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na hakusema kwa ubaya. Mwaba alimjibu kwamba sheria inaruhusu kumtibu mtu bila ridhaa yake ikiwa kuna hatari ya kweli, na hatari ni lazima ionekane, haitoshi kuihofia. Alimwita Noëlla akamwuliza kama mume wake amewahi kumpiga. Noëlla alisema hapana. Akamwuliza kama amewahi kuwapiga watoto. Noëlla alisema hapana, na ilikuwa kweli. Majivu yalimjia mdomoni. Lakini Webby alikuwa amesimama pale, na Lackson alikuwa mlangoni akisikiliza, na kambini kulikuwa na maneno kwamba watoto wa wazazi wasiofaa huchukuliwa. Aliyameza.

Aliomba tu wampe mume wake sindano, sindano yoyote. Mwaba alimshika mkono na kumweleza polepole kwamba Baba Princesse ana akili ya kukataa, na kukataa ni haki yake, na kwamba ameahidi mwenyewe kurudi. Noëlla aliangalia vidole vya daktari juu ya mkono wake, visafi, na akasema sawa, kwa sababu alikuwa amezoea kusema sawa mbele ya watu wa ofisini.

&nbsp;

Baudouin hakurudi juma lililofuata. Alifunga mlango.

Alisubiri Noëlla na Princesse waende kuokota kuni, akamwingiza Chris ndani, akaegemeza kitanda, meza na gunia la udongo kwenye mlango, akaziba dirisha kwa bati. Noëlla aliporudi alimsikia mwanawe anaita mama. Alimsihi mume wake kupitia ufa wa ukuta. Baudouin alimjibu kwa upole kwamba wamefika karibu sana sasa, kwamba maji pia yameguswa, na kwamba atamtunza mtoto mpaka watakapoondoka. Aliomba msamaha kwa kumwacha nje. Hakuwa na hakika tena nani ametumwa.

Viongozi wa makazi walikuja wakaongea. Mchungaji alikuja akaomba. Vijana walijitolea kuvunja mlango, na Noëlla akawazuia, kwa sababu Baudouin alikuwa na panga la shambani ndani na hakuna aliyejua angelitumia kwa nani. Jua lilikuwa kali baada ya mvua, na nyumba ile, ikiwa imezibwa namna ile, ilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Kutwa ikapita, na kesho yake Chris alikuwa bado anaita, lakini haiti mama tena. Anaita maji. Princesse alijaribu kupenyeza kitambaa kilicholowa kwenye ufa. Baba yake alikirudisha nje.

Gari la hospitali lilifika adhuhuri. Mwaba alishuka wa kwanza, nyuma yake Webby, Lackson na wanaume wawili wa hospitali. Umati ulikuwa mkubwa, na wengine walikuwa wamebeba viti. Mwaba aliwaomba watu wasogee, akakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye mlango, akaanza kuongea.

Aliongea muda mrefu. Alimwita kwa jina lake, alimkumbusha benchi na ziwa, alimwambia kwamba woga wake ni wa kweli hata kama sumu si ya kweli. Alipoishiwa Kiswahili aliongea Kibemba, na Baudouin alimjibu kwa Kibemba. Kuna wakati alicheka kidogo. Kuna wakati alisogeza kitu, na kila mtu alidhani anafungua. Kisha alisema, "Ulileta batu wanne, dokta. Minawaona mu tundu." Hakusogea tena.

Mwaba alimwuliza kama mtoto anaweza kuongea naye. Baudouin alimwambia Chris amsalimie dokta. Hakuna sauti iliyotoka.

Noëlla, aliyekuwa amekaa muda wote kando ya Mwaba, alimgeukia. Ndipo alipoyasema ya majivu, na mafuta ya samaki, na mtoto aliyetapika magotini mwa baba yake. Aliyasema haraka, bila kumtazama mtu.

"Nilificha," alisema. "Nilikuwa na haya. Sasa ingia, dokta. Ninakuomba, ingia."

Webby aliinama na kusema kwa sauti ya chini kwamba maneno yameisha. Mwaba alijua. Alijua pia kwamba yalikuwa yameisha kitambo, na kwamba kwa muda fulani alikuwa anaongea ili asifikie dakika ile. Alisimama, akajifuta vumbi, akawaambia wanaume waingie.

Mlango ulivunjika kwa pigo la pili. Panga lilikuwa limelala kwenye rafu, halijaguswa. Baudouin alikuwa amekaa kona ya mbali na mtoto kifuani, amemfunika kwa koti lake. Hakupigana mpaka walipomchukua Chris. Hapo alipigana kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani imebaki katika mwili ule. Walimlaza chini. Lackson alishika mkono mmoja, Webby mwingine, mtu wa tatu akaukalia mguu wa kulia. Wa nne alikuwa amekimbia nje na mtoto. Mguu wa kushoto ulibaki huru, ukipiga, na sindano ilikuwa mkononi mwa Mwaba na haikuweza kuingia.

"Shikeni huo mguu," Webby alisema.

Noëlla aliushika. Aliulalia kwa kifua chake chote. Baudouin aliinua kichwa kutazama ni nani, na alipomwona aliacha kupigana. Hakulia, hakumlaani. Alilegea tu kama mtu aliyepata jibu la swali alilokuwa anauliza kwa muda mrefu. Mkojo ulimtoka, ukalowesha suruali na kitenge cha Noëlla, na Princesse alikuwa mlangoni akiona. Mwaba alimchoma sindano. Katika umati mtu alipiga makofi.

&nbsp;

Chris aliwekewa maji ya mshipa, akapona haraka kama watoto wanavyopona, akaanza kuwachosha wauguzi kwa maswali. Baudouin alichukua muda zaidi. Alilazwa kitanda cha mwisho wodini, karibu na choo, akivaa sare ya wagonjwa iliyokuwa fupi miguuni. Ndugu wa wagonjwa wengine waliwakataza watoto wao kupita upande ule. Noëlla alilala nje chini ya paa la wasindikizaji, akipika kwa kuni za kuombaomba, na kila mchana alimletea mume wake chakula. Alikula. Kadiri siku zilivyokwenda alikula vizuri, akauliza habari za shamba, akauliza mtoto yuko wapi. Siku alipoelewa alichokuwa karibu kukifanya, alijifunika shuka mpaka kichwani na hakujifunua mpaka kesho yake.

Mwaba alikuwa akimtembelea kila asubuhi. Mkubwa wake kutoka Lusaka alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba alifanya sahihi, na kwamba pengine alichelewa. Kila kitu kilikuwa ndani ya sheria. Aliyapokea maneno hayo na hayakumsaidia. Asubuhi ambayo Baudouin alikuwa na nguvu ya kutoka, walikwenda tena kukaa kwenye benchi lile.

Mwaba alimwomba msamaha. Alisema kwa Kiswahili, kwa maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi, kwamba aliahidi na akavunja.

Baudouin alifikiri. Dawa zilikuwa zimemfanya mzito wa ulimi, na mikono ilitetemeka kidogo, lakini macho yalikuwa ya mwalimu tena.

"Mutoto wangu iko muzima," alisema. "Kama haungeingia, angekuwa mu udongo. Ile minajua. Lakini nikuulize kitu. Siku uliniahidi, ulijua kama utaweza?"

Mwaba alitazama maji. Angeweza kumwambia kwamba aliamini. Ilikuwa kweli, lakini siyo aliloulizwa.

"Hapana," alisema. "Sikujua."

"Basi mutu mwengine atakuja, atakuomba vile nilikuomba. Usimuahidi. Umuambie: *nitajaribu, na siku nitashindwa nitakuambia mbele*. Mi ningekataa, ningekasirika. Lakini ningejua." Kisha akaongeza, bila ukali, "Nilikuwa na batu wawili tu wa kuamini. Ulikuwa wa pili."

Mwaba hakuuliza wa kwanza alikuwa nani. Noëlla alikuwa anawaona kutoka jikoni, anapuliza moto.

&nbsp;

Walirudi Mantapala mwanzoni mwa kiangazi. Baudouin alirekebisha mlango. Alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaomba radhi majirani, jambo ambalo hakuna aliyemtuma, na wengine walimpokea huku wamesimama kizingitini wasimkaribishe ndani. Vidonge alimeza mwenyewe, bila kukumbushwa. Chris alimpanda mabegani kama zamani. Princesse alichukua muda, lakini naye alianza kumletea madaftari yake ya shule. Watu wa kambi walimwambia Noëlla kwamba Mungu amemtendea, na yeye aliitikia.

Kile ambacho hawakukiona ni kwamba Baudouin hakuweza kukaa karibu naye. Akimpa sahani, aliipokea kwa kuivuta haraka. Wakigongana mlangoni, jasho lilimtoka. Siku moja Noëlla alimgusa bega kumwamsha, na aliruka akagonga ukuta, akabaki amesimama pale akihema, mikono mbele ya uso. Alipomtambua aliona aibu kuliko yeye. Tangu hapo alihamishia mkeka wake kwenye banda la kuku ambalo kuku walikuwa wameisha.

Noëlla alivumilia. Kisha siku moja, wakiwa shambani wanapanda vipande vipya vya muhogo, yeye mwanzo wa tuta na Baudouin mwisho wake, alishindwa. Alitupa jembe. Akamwuliza alitaka afanye nini. Alitaka amwache mtoto afe kiu ili yeye asishikwe? Je, si yeye Noëlla aliyemzaa mtoto yule? Yeye hakukimbia Pweto kwa miguu na mimba? Alisema mengi, na mengine hayakuwa ya haki, na Baudouin aliyasikiliza yote akiwa ameshika kipande cha muhogo.

"Ulifanya muzuri," alijibu. "Kichwa yangu inajua. Ninaiambia kila siku. Ni mwili njo inakataa, Mama Princesse. Mwili haisikie."

"Itasikia siku gani?"

"Sijue."

Noëlla alikaa juu ya tuta. Alitamani mume wake amkasirikie, kwa sababu mtu aliyekukasirikia unaweza kumwomba msamaha. Lakini hapakuwa na hasira yoyote katika uso ule. Waliendelea kupanda, kila mmoja upande wake, mpaka shamba likaisha.

Mwaba alikuja kuwaaga mafunzo yake ya Nchelenge yalipomalizika. Alileta dawa za miezi miwili na jina la mwuguzi wa kliniki atakayewahudumia. Alimkuta Noëlla peke yake, akamweleza kwamba akipata nafasi Lusaka atazungumzia jambo hili kwa wakubwa, kwamba wagonjwa waulizwe mapema, wakiwa wazima, nani awashike ikilazimu na nani asiwashike. Noëlla alimsikiliza. Alimwuliza kama kuna dawa ya hilo lingine, la mwili kukataa. Mwaba alisema kuna matibabu ya kuongea, kwamba yanachukua muda, na kwamba Nchelenge hakuna mtu wa kuyafanya kwa Kiswahili. Hakuahidi kumtuma mtu. Noëlla aligundua kwamba hakuahidi, na bila kujua kwa nini, alimheshimu zaidi ya siku zote.

"Kama ingerudia, ningeshika tena mguu," Noëlla alisema. "Ujue ile. Lakini usiniambie kama nilifanya muzuri. Yeye alishaniambia, na haikunisaidia kitu."

Mwaba aliinamisha kichwa. Walikaa mpaka dereva akapiga honi.

Mwezi wa nane Baudouin alipata kazi ya kufundisha watoto wa wavuvi kwenye vijiji vya Mofwe, ambako mtu aliyekuwa amelazwa naye wodini alimtajia shule isiyo na mwalimu. Alisema atatuma chakula, atakuja kuwaona watoto shule zikifungwa. Alisema ni kwa muda. Noëlla alimfulia nguo. Alimshonea begi la karatasi za plastiki, akamwekea ndani sabuni, vidonge, na mkeka uliokunjwa. Baiskeli ilikuwa ya kuazima. Alimsaidia kufunga mzigo nyuma yake, yeye akivuta kamba upande mmoja na mume wake upande wa pili, wakiwa makini vidole visikutane.

Baudouin aliagana na Princesse, akamwambia asiache hesabu. Alimbeba Chris, akamnusa kichwa, akamweka chini. Kisha alimgeukia mkewe. Miezi yote ile, tangu hospitali, alikuwa amemwambia kwamba alifanya vizuri, amemwambia kwamba hana kosa, lakini kuna neno moja ambalo hakuwahi kulitamka, na Noëlla alikuwa amelingojea kila siku aliyompelekea sahani, akiamini kwamba siku litakapotoka, mume wake atakuwa amerudi nyumbani.

"Asante, Mama Princesse," Baudouin alisema. "Juu ya mutoto."

Alilisema vizuri, kwa ukamilifu, kama mtu anayemaliza kulipa deni. Noëlla aliitikia kwa kichwa. Aliwashika watoto wote wawili mkononi, akabaki amesimama, na hakuhitaji kumwuliza atarudi lini.